Hoteli Isiyopokea Watoto

Mtu akikwambia kuna hoteli ya ufukweni ambako utakula, utakunywa na kulala siku nne bila kuulizwa chochote, na mtoto haruhusiwi hata kuchungulia getini, utadhani anakutania. Fundi viatu naye alidhani hivyohivyo, mpaka shemeji yake, dada mkubwa wa mkewe, alipoweka karatasi mezani na kusema, "Mambo yote tayari. Nendeni mkapumzike. Kule hamtasikia hata mtoto mmoja akicheka." Alisema kwa nia njema, masikini. Katika habari hii hakuna hata mmoja mwenye nia mbaya, na hilo ndilo linaloudhi.

Mwaka mmoja na miezi miwili kabla ya hapo walikuwa wamemzika binti yao. Alikuwa na miaka saba, na aliumwa homa ya siku tatu tu. Kwa kuwa alikuwa hajui kunyamaza hata chakula kikiwa mdomoni, mtaa mzima ulimwita Chiriku. Mama yake, mshonaji wa mapazia, akawa Mama Chiriku kwa kila mtu, hata kwa mumewe.

Baada ya mazishi, fundi hakulitamka tena jina hilo. Alimwita mkewe "mwenzangu", au alikohoa kwanza ndipo aseme. Mke alikuwa anakula kwa kubembelezwa, nguo zikimpwaya wiki hata wiki. Fundi akaapa moyoni kwamba nyumba ile haitabaki na kitu cha kumkumbusha. Akaanza kuondoa: leo sare ya shule, kesho madaftari, kesho kutwa kikombe cha plastiki chenye mkono uliovunjika. Hakuuliza mtu. Na mke, ajabu, hakuuliza vilikwenda wapi.

Walifika hotelini mchana. Mapokezi waliwafunga bangili za plastiki mkononi, wakawaambia wasizivue mpaka siku ya kuondoka. Chumba kilikuwa ghorofa ya pili, kikitazama bahari, na kitanda chake kipana kiasi cha watu kupotezana. Juu ya shuka, mtu alikuwa amekunja taulo mbili kwa ustadi zikawa ndege wawili wanaobusiana. Mke alizikunjua, akazitundika bafuni. Jioni, kwenye ukumbi wa chakula, maharusi wapya walikuwa wakilishana matunda. Fundi, aliyezoea kupakuliwa, alijirundikia nyama na wali mpaka akaona haya mwenyewe. Mkewe alichukua kipande cha tikiti maji, akakizungusha kwenye sahani, akakiacha.

Asubuhi ya pili fundi aliamka akamkuta mkewe yuko macho, amekaa kwenye kiti cha roshani. Akamwambia anashuka kunyoosha miguu. "Tangulia," mke alisema. "Ngoja nioge, nakuja."

Ufukweni hapakuwa na mtu. Viti vya kulalia vilikuwa vimepangwa mstari, mchanga umelowa na kunyooka. Ndipo akaziona. Nyayo za mtu mzima, na kando yake nyayo ndogo, zikianzia kwenye ukuta wa hoteli kuelekea kwenye mawe.

Fundi viatu haoni mguu akaupita hivihivi. Alichutama, akaupima kwa shibiri. Namba thelathini. Mtoto wa miaka sita, saba. Mguu wa kushoto unaingia ndani kidogo. Huyu soli zake zitakuwa zinaisha upande mmoja. Aliyasoma hayo yote kabla hajajikataza, na alipomaliza kusoma moyo wake ulikuwa unapiga kama wa mwizi. Hoteli isiyopokea watoto! Na mkewe alikuwa njiani.

Akavua ndala, akaanza kuburuta mguu. Alifuta unyayo mmoja baada ya mwingine, zile ndogo tu, kuanzia ukutani mpaka kwenye mawe, jasho likimtiririka. Alipomaliza alihisi amefanya kazi ya mume. Mkewe alishuka, akatembea taratibu, macho chini, mpaka kwenye mawe na kurudi.

"Umedondosha kitu?" fundi aliuliza.

"Hapana."

Mchana ule hata tikiti hakuligusa.

Asubuhi ya tatu nyayo zilikuwepo tena, na fundi akazifuta tena. Alikuwa amebakiza chache afike kwenye mawe aliposikia sauti nyuma yake.

"Baba Chiriku."

Mwaka mzima hakuwa ameitwa hivyo. Aligeuka, mguu mmoja bado umezama mchangani. Mkewe alikuwa amesimama, ndala mkononi.

"Unafanya nini?"

"Si nimekwambia nanyoosha miguu."

"Kwa kuburuta?" Alimtazama, akatazama mchanga. "Na jana ulikuwa wewe. Nilidhani ni maji. Nikajiuliza, maji gani haya yanayochagua nyayo ndogo, kubwa yanaziacha?"

Fundi aliutoa mguu mchangani.

"Ni binti wa mama mmoja wa pale kwenye kufua shuka za hoteli," mke alisema. "Anampitisha hapa alfajiri, anamwacha kwa bibi yake nyuma ya mawe, halafu anazungukia barabarani kurudi kazini. Nawaona toka roshani, wewe bado unakoroma. Anaongea njia nzima, yule mtoto. Sisikii anasema nini, ila naona mikono inavyokwenda. Jana nikasema ngoja nioge chapuchapu, nishuke nikazione nyayo zake karibu. Nikakuta mchanga mtupu."

"Nilitaka usiumie, Mama Chiriku."

"Nisiumie!" Sauti ilimpanda. "Nyumbani umefagia kila kitu. Natafuta hata kifungo chake, sikioni. Namlilia mtoto ambaye nyumba yangu mwenyewe inakataa kwamba alizaliwa. Nikanyamaza, maana nilisema labda wewe ndiye huwezi kuviona. Nikakuachia."

Fundi alikaa chini palepale. Alitaka kubisha, akashindwa, kwa sababu ilikuwa kweli. Kila kitu alichokiondoa, yeye ndiye alikuwa hawezi kukipita bila kusimama.

"Vile viatu vyekundu ulivyokuwa unamshonea," mke alisema. "Vya kishikizo pembeni. Siku tunampeleka hospitali viliachwa mezani kwako, havijaisha. Viko wapi?"

Hilo ndilo swali alilolikimbia muda wote. Angeweza kudanganya. Angeweza kusema viko dukani, kwenye sanduku, halafu akashona vingine akirudi. Mikono yake ilikuwa inaweza, na mkewe asingejua.

"Nilivitoa," alisema.

"Kwa nani?"

"Simjui. Nilipanda basi mpaka mwisho wa njia, mahali ambapo hatujuani na mtu. Nikampa mama mmoja aliyekuwa na mtoto. Niliogopa utamwona mtoto wa watu mtaani kavivaa."

Mke alimpiga na ndala begani. Akampiga tena, kwa nguvu, na haikuwa mzaha. Fundi hakujikinga. Mara ya tatu mkono uliinuka ukaishia hewani, na mke akakaa kando yake, akilia kwa sauti, bila kujali wahudumu waliokuwa wameanza kufungua miavuli kule kwenye viti.

Maji yalipanda yakawafikia vidole vya miguu, na hakuna aliyesogea.

"Ulivitoa vikiwa nusu?" mke aliuliza hatimaye.

"Hapana. Nilivimaliza kwanza."

"Lini?"

"Wiki moja baada ya kumzika. Nilifunga mlango wa duka, nikavishona siku mbili. Sikujua mikono niipeleke wapi."

"Vilikuwaje?"

"Sijawahi kushona viatu kama vile."

Mke alijifuta uso kwa kiganja. Alipouliza tena, aliuliza polepole, kama mtu anayetaka jibu lenyewe, si la kumfariji. "Vingemtosha?"

Toka siku ya mazishi fundi hakuwa ametoa chozi mbele ya mtu. Sasa machozi yalimtoka yenyewe, na hakuyafuta.

"Vingempwaya," alisema. "Mbele niliacha nafasi ya kidole kimoja. Ya kukulia."