Povu la Mwarobaini

Bunduki ililia upande wa kwa Mzee Kondo, na Demetria akazidi kumchana mbwa wake Popo kwa haraka, kitana kikikwama kwenye manyoya mabichi.

Tangu mtoto wa mtaa wa pili aumwe na mbwa mwenye kichaa, bwana afya alikuwa akipita Temeke nyumba kwa nyumba pamoja na askari wake. Mbwa mwenye kibati cha leseni shingoni na ngozi safi aliachwa. Mwenye ukurutu, au dalili yoyote ya kichaa, hakupona. Kibati Popo alikuwa nacho. Ngozi ndiyo iliyokuwa kesi. Manyoya ya mgongoni yalikuwa yamepukutika kama mkeka ulioliwa na panya, na kwa muda sasa Demetria alikuwa akimwosha kwa sabuni ya mche na kumpaka mafuta ya nazi yaliyochanganywa na kibiriti upele, mpaka vinyweleo vipya vikaanza kuota, laini kama vya kifaranga.

Mumewe, Gaspar, karani wa bandarini Kurasini, ndiye aliyemleta mbwa huyo walipohamia kutoka Bukoba, ili mkewe asibaki peke yake siku za zamu. Demetria hakuwa mwepesi wa kuzoeana na watu. Mjini hapa, aliyezungumza naye zaidi ni Popo.

Baada ya Popo, labda Bi Mwanaheri, mwenyeji wa upande wa pili wa ua wa makuti. Mama huyu hakutaka mbwa amkaribie. Chombo kikiguswa na ulimi wa mbwa, kwake ni kukiosha mara saba, moja kwa udongo. "Mbwa wako akijikuna, mwanangu, mie huku naitikia karibu, nadhani nimebishiwa hodi." Lakini jana yake alirusha fungu la majani ya mwarobaini juu ya ua. "Chemsha, umwogeshe. Na umfunge mdomo mpaka akauke. Akilamba uchungu ule atakuumbua."

Asubuhi Demetria alimwogesha, akamfunga mdomo kwa kipande cha kanga. Popo akamtazama, akalia kwa ndani. Moyo ukamshinda, akamfungua.

Sasa ulimi ulikuwa umeshapita mgongoni. Popo alitikisa kichwa. Mate yakamtoka, membamba kwanza, kisha mazito, kisha povu jeupe likaning'inia kidevuni. Demetria alilipangusa kwa upindo wa gauni. Likarudi.

"Hodi hapa."

Bwana afya, Romani, alikuwa kijana wa kaptula iliyopigwa pasi. Alianza kwa kuutazama mgongo. "Hapa umejitahidi, mama. Yanaota." Kisha akauona mdomo, akarudi nyuma. "Sogea."

"Ni dawa." Sauti ilimtoka ndogo mno. "Amelamba dawa."

"Kila nyumba naambiwa hivyo. Juzi mmoja kaniambia wake kala sabuni. Sogea, mama."

Askari akakoki bunduki. Demetria alipiga magoti, akamkumbatia Popo shingoni. Povu likamdondokea mkononi.

"Akikuuma wewe, nitaulizwa mimi," Romani alisema.

"We kijana," sauti ilitoka nyuma ya makuti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbwa mwenye kichaa hunywa maji?"

"Hanywi. Huyaogopa."

"Basi mnyweshe kwanza. Bunduki haiozi kwa kungoja."

Demetria aliangalia mtungi. Mtupu. Maji yote yalikuwa yameishia kwenye kumwogesha mbwa, na ndooni yamebaki yale yale ya mwarobaini. Bombani ni mbali. Romani alimwona akitazama huku na huku, akampa askari ishara ya kichwa.

Bi Mwanaheri akapenya kwenye mwanya wa ua. Mkononi alishika bakuli lake la bati lenye maua ya buluu, lile alilolijua Demetria, la kutawadhia. Aliliweka chini, akalisukuma kwa kidole cha mguu.

Popo alinusa, akageuza uso.

Askari akainua bunduki. Demetria alichovya vidole majini, akayadondosha kwenye pua ya mbwa, tone baada ya tone. Ulimi ukatoka, ukarudi. Ukatoka tena. Kisha Popo akazamisha mdomo wote, akanywa kwa kelele mpaka bakuli likakwaruza ardhi.

Romani alisimama akimtazama mpaka akamaliza. "Mfungie ndani," alisema. "Kesho nitapita tena nimwone." Bunduki ikashushwa, na muda si mrefu hodi yao ikasikika nyumba ya jirani.

Demetria aliokota bakuli. "Nitakuoshea, Bi Mwanaheri. Kwa udongo, mara zote saba."

"Utaliosha na nini, mwanangu, nawe maji huna? Njoo kwangu. Wewe utasugua, mie nitamimina." Akaanza kuondoka, akageuka. "Kwanza yule."

Demetria alichukua kile kipande cha kanga, akamfunga Popo mdomo. Safari hii hakumtazama machoni.