Yai Si Geti

Mtu aliyechomelea mageti, madirisha na vitanda vya chuma kwa miaka thelathini na minne hawezi kushindwa na yai. Ndivyo Fundi Cheche alivyojiambia Jumatano ile, akiwa amesimama mbele ya jiko la gesi la mke wake kama mgeni aliyekosea nyumba. Yai halina kona, halina kutu, halitaki vipimo. Unalitia majini, unawasha moto, linaiva. Kuna kazi gani hapo?

Lakini hakuwa amesimama pale kwa mchezo. Mke wake, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Mwiko kwa sababu alipikia wanafunzi wa shule ya bweni miaka ishirini, alikuwa amerudi kutoka hospitali siku tisa nyuma, na mshono tumboni. Tangu arudi, chakula hakimpiti kooni. Supu vijiko viwili, chai nusu kikombe, kisha anageukia ukutani. Asubuhi hiyo muuguzi anayewazungukia wagonjwa majumbani alimpandisha kwenye mizani, akaandika alichoandika, halafu akamwita Fundi pembeni.

"Mzee, mama anapungua. Kidonda hakifungi kwa chai. Narudi Jumamosi. Nikikuta bado hali chakula, itabidi nimrudishe wodini alishwe kwa mpira wa puani."

Alinong'ona, lakini wapi! Bi Mwiko alikuwa na masikio ya mtu aliyezoea kusikia sufuria gani inafurika kati ya sufuria sita. Muuguzi alipoondoka, alimshika mumewe mkono.

"Usikubali wanirudishe kule, baba. Nikirudi kule sitoki."

"Basi ule, mke wangu. Sema unataka nini, hata kiwe mbinguni nitakileta."

Alifikiri kwa muda mrefu. "Labda yai. La kuchemsha. Kiini kishike, ila kisikauke."

"Hilo tu?" alisema Fundi, na karibu acheke.

Sasa, huyu bwana alikuwa na imani moja maishani: moto. Kazi ikikataa, ongeza moto. Kwa hiyo aliwasha gesi hadi mwisho, maji yakaanza kuruka, akayatoa mayai manne kwenye friji na kuyadondosha humo yakiwa baridi vile vile. Yakagongana, yakapasuka, ute ukatoka nje ukajaa juu kama povu la sabuni.

"Punguza moto!" sauti dhaifu ilitoka chumbani. "Nasikia yanapigana huko!"

Fundi alikwenda akafunga mlango wa chumba. "Wewe mgonjwa, pumzika. Jikoni nipo mimi." Aliyasema hayo kwa mapenzi, na kwa majivuno kidogo, na yeye mwenyewe asingeweza kukuambia kipi kilikuwa kingi. Yale mayai yaliyopasuka Fundi aliyala mwenyewe akiwa wima, ili pasibaki ushahidi.

Mchana alipunguza moto. Hakuna lililopasuka, na kwa furaha akayaacha yachemke dakika ishirini yaive sawasawa. Alipolikata la kwanza, kiini kilikuwa kikavu kama chaki, kimezungukwa na duara la kijani. Alilipeleka hivyo hivyo. Bi Mwiko alilinusa, akavuta shuka hadi puani, akafumba macho. Fundi akarudi na sahani, akala tena.

Alhamisi alipiga moyo konde akaenda kumuuliza muuza mayai wa dukani. Kuuliza si ujinga, ingawa aliulizia nje, mbali na nyumbani, ambako hakuna anayemjua kwa mapishi. Muuza mayai akamwambia maji yakichemka ahesabu dakika tisa, asizidishe. Fundi akavaa saa yake ya harusini, akahesabu tisa, akaipua. Kisha akafanya jambo ambalo fundi chuma yeyote angelifanya: akaifunika sufuria kwa taulo nzito, mayai na maji yake ya moto, akaiacha ipoe taratibu. Baada ya nusu saa akaja kumenya. Ganda liling'oka na nyama yake, yai likabaki na mashimo kama ukuta uliobanduka plasta. Na ndani? Kijani.

Akarudia jioni. Kijani. Ijumaa asubuhi akarudia tena, dakika nane badala ya tisa, taulo lile lile. Kijani! Alilitukana yai. Akamtukana kuku. Akamlaumu muuza mayai, saa, gesi, na mtu aliyebuni friji. Kufikia saa sita mchana alikuwa amekwisha kula mayai kumi na moja, na tumbo lilikuwa likimnguruma kama jenereta.

Chumbani mke wake alikuwa amekunywa maji tu. Mikono iliyowahi kuinua masufuria ambayo wanaume wawili waliyaogopa ilikuwa imelala juu ya shuka, myembamba, na pete ilikuwa imelegea kidoleni. Kesho ilikuwa Jumamosi. Fundi aliketi kwenye kigoda cha jikoni na hofu ikamjaa. Aliogopa kitanda kitupu. Aliogopa nyumba ambayo hakuna mtu wa kumwambia avue viatu mlangoni. Maji yalikuwa yamemfika shingoni, wala si ya kuchemshia mayai.

Akainuka, akafungua mlango wa chumba.

"Mama watoto, nimeshindwa."

Bi Mwiko akageuza kichwa. Katika miaka thelathini na moja ya ndoa hakuwahi kulisikia neno hilo kwa mwanaume huyu. Hata siku geti lake lilipoanguka na kuondoka na nusu ya nguzo ya mteja, alisema kosa ni la nguzo.

"Umeshindwa nini?"

"Yai. Nimechemsha siku tatu, limenishinda. Njoo unifundishe."

Bi Mwiko aliutazama mlango. Kisha akasema, "Mimi nilidhani hunitaki tena jikoni. Ulinifungia mlango."

"Nilitaka upumzike."

"Nimepumzika hadi nikajiona maiti."

Neno hilo lilimchoma kuliko cheche yoyote. Alipiga magoti kando ya kitanda, akamwomba radhi, bila kuzungushazungusha. Halafu akamzungushia mkono kiunoni, akamkokota hatua kwa hatua, akamkalisha kwenye kiti cha jikoni na mto mgongoni.

Bi Mwiko aliangaza macho. "Nani kaweka mwiko wangu kwenye kopo la spana?"

"Mimi."

"Mungu anakuona. Haya, nieleze unavyofanya. Usiruke kitu."

Akaeleza. Moto, dakika, saa ya harusini. Mkewe akawa anaitikia kwa kichwa kama mwalimu anayesahihisha daftari.

"Dakika tisa si mbaya. Ukishaipua?"

"Nafunika kwa taulo, yapoe polepole."

"Unafanya nini?"

"Nafunika. Chuma kikitoka motoni hukitii maji ya baridi ghafla, mama, kiungo kitapasuka. Kila fundi anajua."

Bi Mwiko alimtazama. Mdomo ukaanza kumcheza, mabega yakatikisika, akaukumbatia mshono kwa mikono miwili. "Usinichekeshe, uzi utakatika! Fundi, yai si geti! Ukilitoa motoni linaendelea kujipika lenyewe kwa joto lake. Wewe unalipikia gesini, halafu unaliongezea taulo!"

Fundi alikuwa tayari kubishana, lakini alisikia kicheko ambacho hakuwa amekisikia tangu kabla ya hospitali, akaamua siku hiyo chuma kikubali kushindwa.

Wakaanza upya. Mayai yalitangulia kutoka kwenye friji, yakakaa mezani yakaacha ubaridi. Akachagua yale ya wiki iliyopita, maana mabichi mno, alisema Bi Mwiko, hayaachani na ganda lake. Maji ya baridi, yayafunike mayai na kuzidi kwa kidole kimoja. Moto wa kati. Yalipochemka vizuri, mkewe akasema, "Zima."

"Nizime kabisa?"

"Zima, funika, kaa chini."

Kukaa chini mbele ya jiko lililozimwa ulikuwa mtihani mkubwa. Mara mbili alinyoosha mkono kwenye kifuniko, mara mbili akapigwa kikofi. Dakika ya tisa akayahamishia kwenye bakuli la maji baridi, akafumba jicho moja akisubiri mlio wa kupasuka. Hakuna kilicholia.

"Gonga upande mnene, ndiko kwenye hewa. Menyea humo humo majini."

Ganda likatoka vipande viwili vikubwa. Akalikata. Kiini kilikuwa cha manjano kote, kimeshika, katikati kina unyevu kidogo. Akanyunyiza chumvi, akamsogezea sahani, akasahau kupumua.

Bi Mwiko alilinusa. Akauma kidogo, akatafuna muda mrefu, akameza. Akauma tena. Akaendelea hadi sahani ikabaki tupu.

"Nilikuwa naogopa," Fundi alimwambia.

"Najua. Moto ule wote wa siku ya kwanza ulikuwa woga tu. Nimenyee la pili."

Jumamosi muuguzi alimkuta mama kwenye kiti cha jikoni, akampandisha kwenye mizani yake. Haikupanda, lakini kwa mara ya kwanza haikushuka. Akatazama mshono, akauliza mama amekula nini. Mayai mawili jana, mawili leo asubuhi, na kipande cha mkate. Akaandika, akafunga begi.

"Basi wodini hakuna haja. Nitakuja Jumatano, hapa hapa."

Fundi alimsindikiza hadi nje, akamshukuru mara tatu, akafunga geti. Kisha akaegemea kile chuma alichokichomelea mwenyewe, akalia machozi ya mtu mzima, bila kujificha.

"Fundi!" sauti ilimfikia kutoka jikoni, na safari hii haikuwa ndogo. "Maji yameanza kuchemka huku! Unamngoja nani aje azime?"