Mkono wa Soud Nyuzi

Wa kwanza kuandika kwamba mkono na sauti haviendi pamoja alikuwa Salem wa Riyadh. Mwatima aliyasoma maneno hayo akiwa kwenye meza ya mapokezi ya kliniki ya meno anakofanya kazi, mbele yake mgonjwa ameshika shavu anangoja kuandikishwa. Akailaza simu kifudifudi, akamwandikisha mgonjwa kwa jina la mtu aliyetangulia, ikabidi afute na kuanza upya.

Video ilikuwa ya baba yake. Soud Khelef aliletwa Jeddah akiwa mtoto wa kubebwa mgongoni, mwaka ule watu wengi walipoikimbia Unguja. Alikulia mtaa wa Al-Mahjar, na ujanani akaunda bendi ya roki iliyoitwa Kimbunga. Enzi hizo hapakuwa na jukwaa la hadharani. Walipiga ndani ya kuta za makambi ya wageni wa makampuni, na kwenye harusi za watu wasioogopa majirani. Lakini kaseti zao zilitembea, zikafika Maskati, Unguja na Mombasa, na waliozisikia wakampa jina la Soud Nyuzi. Wakazeeka naye bila kumwona. Sasa nchi ilikuwa na matamasha kila msimu, waandaaji wakamkumbuka, na mzee akapanda jukwaa la Jeddah mbele ya ukumbi uliojaa.

Mwatima ndiye aliyekuwa akimshughulikia mambo ya tamasha. Ndiye pia aliyekuwa akimsikia nyumbani. Vidole viwili vya mkono wa kushoto wa mzee, cha pete na cha mwisho, vilikuwa vimeanza kufa ganzi. Alijifungia chumbani akirudia kile kipande kirefu cha wimbo wa mwisho ambacho wapenzi wake wote wanakijua kwa moyo, na kila mara kikamkatikia pale pale. Mwatima alisimama ukumbini na sinia la chai mkononi, akisikiliza kinavyokatika. Akilini alimwona baba yake akizomewa kabla hata tiketi hazijauzwa.

Basi akamtafuta Bonface. Huyu alikuwa Mkenya, dereva wa nyumba moja pale Jeddah, kijana aliyekuwa akirusha mtandaoni video za mikono yake tu, akipiga nyimbo za Kimbunga kwenye kichumba chake cha nyuma ya nyumba ya bosi. Siku ya tamasha Bonface alikaa nyuma ya pazia jeusi na gitaa lake. Fundi mitambo akakubali kufanya alivyoombwa: Soud alisikia gitaa lake mwenyewe kwenye vidude vya masikioni, na kilipofika kile kipande, ukumbi ukasikia la Bonface. Watu walisimama. Wengine walilia. Soud hakujua kitu.

Kilichomtesa Mwatima baadaye hakikuwa makofi. Kilikuwa maneno ya baba yake ndani ya gari, wakirudi nyumbani. Mzee alijifuta macho kwa ncha ya kilemba chake, akasema, "Pale katikati vidole viliniacha, mwanangu. Nlisikia kabisa. Nikasema nshaaibika. Na watu wakanipokea hivyo hivyo nilivyo."

Mwatima alikaza macho barabarani, akaendelea kuendesha.

Video ilipotoka, maoni yalianza kwa utamu. Mama mmoja wa Maskati aliandika kwamba ameilia kaseti yake iliyoliwa na redio. Vijana waliandika kwamba hawakujua kuna mzee wa namna hii. Baadaye yakaja mengine. Ngoma zimemfunika. Mbona haimbi. Umri huo ni wa kushika tasbihi, si gitaa. Mwatima aliyapokea hayo yote bila shida, mpaka Salem alipoandika: "Nimemsikiliza Soud tangu hatuna ndevu. Utazameni mkono wake kwenye wimbo wa mwisho. Vidole vinakwenda huku, sauti inakwenda kule."

Hapo vita vikazuka. Mmoja akaipunguza kasi video, akaichora mishale. Mwengine akasema ni kompyuta. Waliompenda Soud wakamwita Salem hasidi, na waliomwamini Salem wakadai warudishiwe fedha, hata wale ambao hawakukanyaga ukumbini.

"Video ishatoka?" Soud alimuuliza binti yake jioni ile. Simu yake mwenyewe ilikuwa ya vibonye, haionyeshi kitu. "Kinyozi kaniambia kaiona."

"Bado wanaitengeneza, baba. Hiyo ni ya mtu aliyerekodi tu ukumbini."

"Nnataka kuiona hiyo nzima. Nataka nijue nilikosea vipi."

Mzee akampita, akaingia chumbani kujizoeza. Mwatima alibaki amesimama pale. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kumdanganya baba yake jambo moja mara mbili.

Haukupita muda mrefu waandaaji wa Riyadh wakampigia mzee moja kwa moja. Wameiona video, wanamtaka kwenye tamasha lao la msimu wa baridi. Soud akakubali kabla hajamwita mtu kumshauri. Mwatima alimpigia Bonface wakati wa mapumziko ya kazini, akamkuta ameegesha gari nje ya shule, anawasubiri watoto wa bosi.

"Sister, Riyadh siwezi," Bonface alisema. "Kafili wangu, huyu bosi, akijua napiga gitaa kwa show, ikama imeenda, narudishwa nyumbani. Ile ya Jeddah ilikuwa Ijumaa, off yangu."

"Nitakuombea ruhusa mimi. Nitasema ni harusi."

"Hata ukiniombea. Nimesoma hizo comments zote. Kuna mwenye anasema eti ni computer. Mimi nimekaa huko nyuma jasho imenijaa, alafu naitwa computer. Wengine wanasifu, na siwezi sema asante." Kengele ya shule ikasikika simuni. "Lakini si hiyo. Mzee alipita hapo kwa pazia akitoka, nikaona uso yake. Alikuwa na furaha ya mtu ameambiwa ukweli. Mwambie tu, sister. Watoto wanatoka, wacha niende."

Mwatima aliazimia kumwambia. Aliazimia asubuhi na akaazimia jioni, na kila alipofungua mlango wa chumba cha baba yake alimkuta amepinda mgongo juu ya gitaa, akivikunja na kuvikunjua vile vidole viwili kama mtu anayewaamsha watoto, akashindwa.

Salem mwenyewe alimpigia wiki ya safari, namba kaipata kwa waandaaji. Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole huo ulimtisha Mwatima kuliko matusi yote ya mtandaoni.

"Mwatima, mimi ni kama baba yako. Nikuulize jambo moja tu. Yeye mwenyewe anajua?"

Mwatima aliihamishia simu sikio la pili.

"Basi hajui," Salem alisema. "Mimi sitamwambia, maana si kazi yangu. Mkifika Riyadh mje kwangu Shumaisi mle chakula cha mchana. Nshamwalika, kakubali."

Nyumba ya Salem ilikuwa ya zamani, na majlisi ya wanaume ilitengana na chumba cha wanawake kwa ukuta mwembamba. Mwatima aliketi na Bi Safa, mke wa Salem, sahani ya biriani mbele yake. Alikuwa amejipangia: chakula kikiisha atamtoa baba yake nje, atamwambia ndani ya gari, kabla ya mtu mwengine yeyote. Alikula tonge moja, akaisukuma sahani. Ng'ambo ya ukuta wageni, wapenzi wa zamani wa Kimbunga, walikuwa wakibishana kwa sauti. Mmoja alisema tamasha la Jeddah lilikuwa halali tupu. Mwengine alisema yeye haamini mpaka aone tena.

"Si tuiweke kwenye televisheni," sauti ya tatu ikasema, "na mwenyewe yuko hapa."

"Iacheni kwa sasa," Mwatima alimsikia Salem akisema. "Mtu anakula."

"Iweke," ikasema sauti ya Soud. "Mimi ndiye sijaiona."

Mwatima aliinuka. Bi Safa akamshika mkono. "Kule ni wanaume peke yao, bibi. Subiri wamalize kula," alisema, asijue lolote. Na video ilikuwa imeshaanza. Kelele za ukumbi wa Jeddah zilipenya ukutani, kisha ngoma, kisha gitaa. Mwatima alisimama katikati ya chumba, mkono mmoja umeshikwa, akihesabu nyimbo kwa masikio. Ulipoanza wimbo wa mwisho, mtu akaongeza sauti. Kile kipande kirefu kikaja, safi, hakikukatika popote. Kikaisha.

"Irudishe," Soud alisema.

Kikapigwa tena.

Mgeni mmoja akashindwa kuvumilia. "Soud, tuamulie bwana. Watu wanatukanana mitandaoni. Ni wewe au si wewe?"

"Mkono ni wangu," Soud alijibu. "Sauti, muulizeni binti yangu." Kisha akaita, bila kupandisha sauti, "Mwatima. Njoo."

Bi Safa akamwachia. Mwatima akajitanda ushungi vizuri, akaenda kusimama kwenye mlango wa majlisi. Wazee watano sita walikuwa wameketi chini kuzunguka sinia, vidole vyao bado vina mafuta. Baba yake hakumtazama. Alikuwa akiitazama televisheni, ambako mkono wake mwenyewe ulikuwa umegandishwa juu ya nyuzi.

"Si yeye," Mwatima alisema. "Kipande kile alipiga mtu mwengine nyuma ya pazia. Nilimweka mimi. Baba hakuwa na habari, mpaka leo hii."

Mzee mmoja alinawa mikono, akavaa viatu, akatoka bila kuaga. Mwengine alicheka kidogo kisha akajuta. Aliyekuwa akitetea Jeddah aliinamisha kichwa kama yeye ndiye aliyekamatwa. Salem aliinua dele la kahawa, akajaza kikombe, akamwekea Soud mbele, na Soud akakinywa chote kabla ya kusimama.

Ndani ya gari walikaa bila kuwasha injini.

"Huyo mtu ni nani?"

"Siwezi kukutajia, baba. Ana kazi yake, nikimtaja ataipoteza."

Soud alitikisa kichwa, akalikubali hilo. "Ulinisikia siku ile nikilia kwenye gari."

"Nilikusikia."

"Nikakwambia wamenipokea nilivyo. Na ukaniacha nikaamini." Alivitazama vidole vyake. "Ningezomewa, Mwatima, ningerudi nyumbani nikalala. Nshazomewa sana mimi. Wewe umenifurahisha kwa kitu cha mtu."

Mwatima alisema nisamehe. Soud alisema washa gari, twende.

Kesho yake hakumruhusu kugusa chochote. Alikwenda mwenyewe kwa fundi mitambo, akamwambia kinachotoka kwenye gitaa lake ndicho kitakachotoka kwenye spika, halas, basi, na akasimama pale mpaka akaonyeshwa nyaya. Mwatima alikaa kwenye viti pamoja na watu, mikono imelala mapajani.

Nyimbo za mwanzo zilikwenda vizuri. Ulipofika wa mwisho, Soud hakukipiga kile kipande kama kilivyo kwenye kaseti. Alikipunguza. Alipiga zile noti ambazo vidole vyake viwili vizima viliziweza, akaziacha zilie kwa muda mrefu, na palipokuwa na mbio akaacha pengo. Katikati alijaribu kuruka juu na kidole cha pete. Kikateleza, ukatoka mlio mbaya uliosikika mpaka viti vya nyuma. Kundi la vijana nyuma ya Mwatima likacheka. Baadhi ya watu walikuwa wameshaanza kuelekea maegeshoni. Soud aliusubiri mlio ule ufe, akarudi chini, akamalizia taratibu. Salem, mstari wa mbele, alifumba macho toka mwanzo wa kipande mpaka mwisho. Makofi yalikuwa ya wastani.

Video ya Riyadh ilipotoka, maoni yalikuwa mabaya kuliko ya Jeddah. Wengi waliandika kwamba hii ndiyo ya bandia, kwamba Soud wa kweli ni yule wa Jeddah, na huyu ni mzee amevalishwa nguo zake. Mama wa Maskati aliandika kwamba amesikia mapengo na yamemkumbusha marehemu mumewe. Akajibiwa kwamba muziki si msiba. Salem hakuandika kitu. Soud alinunua simu ya kisasa, akajifunza kuifungua, akawa anayasoma yote mwenyewe kibarazani baada ya Asri. Mengine yalimuuma, ilionekana usoni. Mwatima alipojaribu kumwambia aachane nayo, alimjibu, "Niache. Haya matusi ni yangu."

Kwa wiki nyingi hiyo ndiyo ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote kwa binti yake, ukiacha salamu. Mwatima alimpa shikamoo, akaitikiwa marahaba, na mlango wa chumba ukafungwa.

Ijumaa moja Bonface alikuja mwenyewe. Hakumwambia Mwatima kwamba anakuja. Alisimama mlangoni na gitaa kwenye mkoba, shati amelipiga pasi, akamwamkia mzee.

"Mzee, mimi ndio yule wa nyuma ya pazia. Nimekuja kuomba msamaha."

Soud alimtazama toka kichwani hadi miguuni. "Kuna noti unazipiga kwa kucha. Kakufundisha nani?"

"Kaseti zako, mzee. Ilikuwa inasikika hivyo."

"Kaseti hiyo ilikuwa mbovu," Soud alisema. "Ulikuwa unasikia mchakacho." Akacheka, akakohoa, akacheka tena. "Ingia ndani."

Mwatima aliwapelekea chai. Aliiweka chini, akageuka kuondoka kama alivyozoea siku hizi, lakini baba yake akamwita kwa jina. Hakuwa amemsamehe bado, Mwatima aliliona hilo machoni mwake.

"Siku nyengine ukiniona naanguka," mzee alisema, "niambie kwanza. Nitaamua mwenyewe kama nataka kushikwa."

"Nimesikia, baba."

"Kaa basi. Huyu anapiga haraka mno, na mimi peke yangu hatanisikiliza."