Jezi Namba Kumi na Nne

Karani wa chama cha soka alinipa karatasi yenye majina manane. Akaniambia niyaandike ukutani kwa rangi nyeupe juu ya kijani, herufi za urefu wa kiganja, na nichafue chochote nitakacho ila nisikosee jina la mtu. Yalikuwa majina ya wachezaji wote waliowahi kuifungia timu ya taifa hatriki, yaani mabao matatu ya mtu mmoja katika mechi moja, tangu timu ianze kucheza mpaka leo. Ukuta wenyewe uko kwenye korido chini ya jukwaa kuu, pale timu zinapopita kwenda uwanjani. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu. Uzinduzi ulikuwa Jumamosi.

Mimi ni mchora vibao. Shule niliiachia darasa la sita, lakini herufi nazijua kuliko walimu walionifukuza. Niliisoma ile karatasi mara mbili, juu mpaka chini, kisha chini mpaka juu. Jina la kaka yangu halikuwamo.

"Dada," nikamwambia karani, "hapa pamepungua mtu."

Nikamtajia. Nikamwambia na mechi, na mwaka, na kwamba ni miaka thelathini na minne sasa. Hakunicheka. Aliinuka, akafungua kabati la chuma, akarudi na faili lililokuwa linanuka panya. Ndani mlikuwa na ripoti ya refa. Akanisomea huku anafuata mistari kwa kidole.

"Bao dakika ya kumi na moja, namba tisa. Bao dakika ya thelathini na nane, namba tisa. Huyo ndiye kaka yako?"

"Ndiye."

"Dakika ya sabini na moja, anatoka namba tisa, anaingia namba kumi na nne. Dakika ya themanini na tatu, bao, namba kumi na nne." Akafunga faili. "Kaka yako alifunga mawili, akatolewa."

Hakutolewa. Kilichotokea kila mtu wa nyumbani kwetu anakijua. Beki mmoja alimvuta kaka jezi ikachanika kuanzia shingoni mpaka kiunoni. Siku hizo timu ilikuwa na seti moja tu ya jezi, hakuna ya akiba. Kaka akatoka nje ya mstari, mtunza jezi akamvua mchezaji wa akiba jezi yake, kaka akaivaa, akarudi uwanjani. Hakuna aliyemwambia refa. Refa alikuwa mgeni, sura zetu hazijui, yeye aliona tisa katoka na kumi na nne kaingia, akaandika. Baadaye kocha alipotaka kuingiza mtu akaambiwa ameshamaliza nafasi zake, akagomba mpaka akatishiwa kutolewa, wala hakuelewa kisa. Alikufa bila kuelewa.

Karani alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akatoa picha kwenye lile faili. Ilikuwa ya gazeti. Mtu yuko hewani, anapiga mpira kwa kichwa, kipa kalala chini. Mtu huyo amempa mpiga picha mgongo. Uso hauonekani, wala hata sikio. Kinachoonekana ni namba kumi na nne, kubwa kama mlango.

"Mimi nakuamini," karani akasema. "Lakini kamati haiandiki ukutani imani yangu. Kama namba kumi na nne mwenyewe ataandika barua kwamba hakuingia uwanjani, na akasaini, nitaipeleka Ijumaa. Vinginevyo andika nane."

"Na mtunza jezi?"

"Yupo?"

Hayupo. Wote waliokuwa na la kusema wametangulia, na waliobaki ni wawili, kaka na huyo namba kumi na nne.

Kaka anaumwa moyo. Daktari alisema umepanuka, tukatania kwamba sasa ndiyo atakuwa na roho nzuri, yeye akacheka, sisi tukacheka, na tangu hapo hapandi ngazi. Habari ya ukuta aliisikia redioni kabla yangu. Nilipopita kwake jioni nikamkuta shemeji anapiga pasi suti yake nyeusi, ile ya harusi, na kaka kakaa kwenye kiti kama bwana harusi mwenyewe.

"Mchoraji wa serikali!" akanipokea. "Utaniandika wa ngapi?"

"Wanapanga kwa miaka."

"Basi mimi ni wa tano. Nikae chini ya Nyundo, yule wa nne? Katika matatu yake mawili ni penalti, penalti hata shemeji yako anafunga."

"Nikifunga nitaomba na mshahara," shemeji akajibu bila kuinua pasi.

Nikasema tutaona.

"Tutaona nini?" kaka akasema. "Hii siyo bahati nasibu."

Pale ndipo ilinibidi niseme. Sikusema. Mimi watu wananijua kwa mdomo usio na breki, mteja akiniletea maneno ya kijinga ya kuandika kwenye kibao namwambia ni ya kijinga. Lakini nilimtazama yule mtu, suti inatoa mvuke pembeni yake, nikaomba maji ya kunywa.

Namba kumi na nne ni kinyozi. Duka lake lina viti viwili, kioo kirefu chenye ufa, na juu ya kioo iko ile picha ya gazeti, imekuzwa na kuwekewa fremu. Nilikaa kwenye kiti Jumanne asubuhi, akanifunga kitambaa shingoni. Kwenye kiti cha pili kulikuwa na mzee mmoja muuza mkaa, anangoja ndevu.

"Unamwona huyo?" muuza mkaa akaniambia, anaonyesha picha. "Ndiye huyu anayekushika kichwa. Aliingia dakika ishirini tu, akatia kambani. Wa leo wanacheza dakika tisini wanatoka na mafua."

"Nyamaza wewe, ndevu zako zinasubiri," kinyozi akasema, lakini alisimama wima kidogo.

Nilingoja muuza mkaa aondoke. Kisha nikamwambia mimi ni mdogo wake nani. Mashine ikazima. Nikamweleza habari ya ukuta, ya ripoti, ya barua. Nikamweleza na habari ya moyo. Akanisikiliza kwenye kioo, sisi wawili tunatazamana kwa kupitia kioo, kitambaa bado kiko shingoni kwangu na kichwa kimenyolewa nusu.

"Kaka yako alicheza mechi ngapi za taifa?" akauliza.

"Thelathini na moja."

"Mimi nilikaa benchi mara kumi na tisa. Niliingia mara ngapi?"

Nikatazama nywele zangu sakafuni.

"Sema, usione haya. Sikuingia hata mara moja. Kitabu chao kinasema nimecheza dakika kumi na tisa, nimefunga bao moja. Watoto wangu wanaliishi bao hilo. Mkwe wangu alinipa binti yake kwa bao hilo. Niandike barua niseme nini? Kwamba sikuwapo?"

"Useme kweli."

"Kweli naijua. Kuna siku naamka nausikia mpira kabisa hapa kwenye paji la uso, naisikia baridi yake. Ndiyo ujue nimefika wapi." Akawasha mashine, akaizima tena. "Yeye ana mengine mawili siku ile ile, na ya mechi nyingine. Ukimwondolea hilo bado ni yeye. Mimi ukiniondolea hilo, nani atabaki?"

"Anakufa, mzee."

"Wote tunakufa, ndugu yangu. Tofauti ni watakachosema."

Akanimalizia kichwa. Alininyoa vizuri, kwa upole, kama mtu anayeomba radhi. Hakunidai, nami sikumlazimisha apokee. Nikatoka nimechukia, na nikitaka kumchukia yeye nashindwa.

Jumatano na Alhamisi nilipaka na kuandika. Kazi yangu huanza na uzi uliopakwa chaki. Unaukaza kati ya misumari miwili, unauvuta, unauachia, unapata mstari. Kisha unachora herufi kwa chaki, ndipo unashika brashi. Mistari ya chaki nilipiga tisa. Wa tano niliuchora kwa jina la kaka, lote, kisha nikasimama mbali kulitazama. Lilikaa vizuri kuliko mengine. Nikajua kabisa yatakayotokea nikilitia rangi. Karani angepita Ijumaa na karatasi yake, angehesabu mpaka tisa, na mtu mwingine angetumwa kulifuta kwa msasa, na kovu lingebaki ukutani siku ya uzinduzi. Kaka angekaa mbele ya kovu lake amevaa suti. Nikalowesha kitambaa, nikafuta. Nikasogeza majina ya chini juu.

Kila jioni aliniuliza nimefika wapi. Kila jioni nilisema rangi haijakauka.

Jumamosi saa mbili asubuhi nilimkuta amesimama katikati ya sebule, shemeji anamfunga vifungo vya koti. Teksi ilikuwa nje. Alikuwa amekonda, lile koti lingetosha watu wawili. Nikasimama mlangoni.

"Kaka, haumo," nikasema.

Shemeji akaacha mkono kwenye kifungo.

"Simo wapi?"

"Ukutani. Wanasema ulitolewa dakika ya sabini na moja. Wanasema la tatu ni la kinyozi."

Nikamwambia yote, sasa kwa haraka, kwamba nilikwenda kwa kinyozi na aliyonijibu. Nilidhani atatukana. Kwenye matusi hakuwa nyuma. Badala yake akashika ukingo wa meza, akakaa taratibu.

"Alikuwa anapasha misuli," akasema.

"Nani?"

"Huyo. Kocha alishamwambia aingie. Mara ya kwanza katika maisha yake. Yuko pale kwenye mstari anaruka ruka kama mbuzi, na mimi nakuja na jezi imechanika. Mtunza jezi akamwambia vua. Alivua analia. Nilivaa jezi ina joto lake na jasho lake." Akapumua kwanza. "Nikamwambia, usijali, mechi ijayo. Hakuitwa tena."

Hii hatukuwahi kuisikia, miaka yote ile ya kusimuliana.

"Basi nenda ukamwambie..." shemeji akaanza, halafu akakosa cha kumalizia, kwa sababu hakuna cha kumwambia mtu yeyote.

"Lakini lilikuwa langu," kaka akasema.

"Najua."

"Unajua, na brashi ilikuwa mkononi mwako."

Dereva wa teksi akapiga honi. Ilibidi niende, mimi ndiye niliyetakiwa kushusha kitambaa kilichofunika ukuta mbele ya wageni.

"Nenda, utachelewa," akasema. Kisha akamgeukia mkewe, akainua kidevu kama mtoto. "Nivue hili koti, mama. Linanibana."

Lilikuwa halimbani popote. Shemeji akaanza na kifungo cha juu.