Upande wa Kulia wa Tairi

Pikipiki mpya ya mkwe wangu ilifika nyumbani ikiwa na nailoni kwenye kiti na vinywele kwenye matairi. Nilikuwa sijawahi kuona tairi lenye vinywele. Ni vijinyuzi vya mpira, vyembamba kama sharubu za paka, vimesimama kila upande. Nikamuuliza fundi aliyeileta kama ni kasoro.

"Si kasoro, Bibi, ndiyo upya wenyewe. Vitakwisha kadiri tairi linavyogusa barabara. Na injini ni hivyo hivyo, vyuma vya ndani bado havijazoeana. Kwa hiyo kilomita elfu moja za mwanzo asipite mwendo wa arobaini, wala asipakie mzigo mzito."

Mkwe wangu alikuwa amekaa kwenye ngazi, mguu wa kulia ameunyoosha. Mguu ule ulivunjika miezi saba nyuma kwenye mlima wa machimbo ya kokoto. Lori lilikuwa limemwaga kokoto kwenye kona, yeye akakata kulia kwa kasi, pikipiki ikamponyoka. Ile ya zamani haikufaa tena hata kwa vipuri. Kazi yake ni kukusanya sampuli za wagonjwa kwenye vituo vinne vya afya na kuzifikisha maabara ya hospitali kabla ya saa nane mchana, zikiwa ndani ya boksi la barafu. Kabla ya kuanguka, wenzake walimwita Risasi. Alipolazwa, mwenzake mmoja wanayemwita Redio, kwa sababu hanyamazi, alimshikia ile njia miezi yote saba. Siku aliyoacha magongo, Redio akamrudishia boksi lake likiwa limeoshwa.

"Elfu moja," alisema mkwe wangu. "Arobaini." Nikaona mabega yake yakishuka kama ya mtu aliyetuliwa gunia.

Fundi akachukua kipande cha bati, akaandika kwa rangi nyekundu: INJINI MPYA, INAZOESHWA. Akakifunga kwa waya nyuma ya kiti.

"Ili wasikupigie honi," alisema.

Kuiosha pikipiki ile kila jioni niliomba mwenyewe. Binti yangu alikataa, nikamwambia magoti ndiyo yamegoma, mikono bado ni yangu. Nilikaa kwenye kigoda na beseni la maji ya sabuni, nikaanza na matairi.

Nimeshona nguo za watu miaka arobaini. Suruali ikiletwa imechakaa goti moja, najua mwenyewe anapiga goti lipi. Baada ya wiki tatu, vinywele vya katikati ya tairi vilikuwa vimekwisha. Vya upande wa kushoto navyo vimekwisha. Vya upande wa kulia vilikuwa vimesimama kama siku ile ya nailoni.

Nilimuuliza binti yangu jikoni. Akafunga mlango kwanza.

"Hakati kona ya kulia, Mama. Kwenye njia panda anazunguka kushoto mara tatu ili asikate kulia mara moja. Pasipo njia ya kuzunguka anashuka, anaisukuma. Na mlimani hapiti kabisa, anafuata barabara ya bondeni. Usimwambie nimekuambia."

Ningemwambia vipi? Mimi na mkwe wangu tunaulizana habari za mvua na za watoto. Mambo ya woga mama mkwe haulizi.

Mita iliposoma mia tisa na themanini, nilivaa viatu nikaenda kwa fundi.

"Fundi, mwanangu, ile elfu moja haiwezi kuwa elfu mbili?"

Alicheka. Kisha akaniangalia, akaacha kucheka, akajipangusa mikono kwa kitambaa polepole.

"Ameanza kukata kulia?"

Kumbe naye alikuwa ameliona tairi. "Bado," nikasema.

"Basi mwambie fundi kasema elfu mbili."

Baadaye zikawa elfu tatu. Kila mkwe wangu alipopita na mwendo wake wa arobaini, Redio alikuwa hamwachi.

"Risasi! Hiyo injini bado inanyonya?"

"Inanyonya."

"Mwaka huu itaota meno, au tungoje?"

"Muulize fundi!"

Wakacheka wote, na mimi nilipokuwa nikianika nguo nikacheka nao. Kibao kile kilikuwa kinafanya kazi yake. Watu waliitania injini, mwenyewe wakamwacha.

Lakini barabara ya bondeni ni ndefu. Dada wa maabara alimsubiri mara mbili dirisha likiwa wazi, akala chakula chake amesimama. Mara ya tatu naye akaulizwa na wakubwa wake. Akamwambia mkwe wangu kwa upole kabisa: sampuli zikiendelea kupita saa nane, mwisho wa mwezi njia atapewa mwingine. Zilibaki siku kumi na moja.

Na asubuhi pikipiki ikaanza kutoa moshi wa bluu.

Fundi alikuja Jumamosi, mkwe wangu akiwa kazini na pikipiki ya kuazima. Akafungua plagi. Ilikuwa nyeusi, imelowa oili. Akaigeuzageuza, akanivuta pembeni.

"Bibi, uongo wetu unaiua injini."

"Si tumeitunza?"

"Tumeidekeza. Ndani kuna ringi zinazobana ukuta wa silinda. Injini ikiwa mpya lazima ipate kazi kidogo ndipo zishike. Ikienda mwendo mmoja wa pole miezi mitatu, ukuta unakuwa laini kama kioo, oili inapita na kuungua. Kosa ni langu. Nilijua, nikaona haya kumwambia."

"Inapona?"

"Huenda. Apande nayo mlima kwa gia ya tatu, mzigo uwe nyuma, ashuke, apande tena. Ikikataa naifungua yote, na hiyo ni wiki mbili."

Wiki mbili, na siku tulizokuwa nazo hazikuzidi kumi na moja. Mlima ni mmoja tu huku kwetu.

"Nani amwambie?" fundi akauliza.

"Mimi ndiye niliyekuja kuomba elfu mbili. Nitamwambia mimi."

Jioni nilimkuta kwenye ngazi na kikombe cha chai. Nikakaa ngazi ya chini yake, jambo ambalo sijawahi kulifanya, naye akataka kusimama anipishe.

"Kaa, mkwe. Nina la kukuungamia. Zile kilomita zilizoongezwa nilimwomba fundi mimi. Injini yako ilikuwa tayari tangu elfu moja."

Akaweka kikombe kwenye ngazi.

"Nilijua, Mama. Mimi nimekulia kwenye injini. Nilinyamaza kwa sababu kibao kile kilinifaa." "Na huo moshi nimeuona. Kila siku nasema leo nitapanda. Nikifika pale chini, mguu unakuwa si wangu."

Sikumwambia asiogope. Ningekuwa mimi ningeogopa zaidi.

"Fundi anasema inataka mzigo nyuma. Kilo sitini zinatosha?"

"Zinatosha. Mzigo gani?"

"Mimi."

"Mama! Watu wakiniona nampeleka mama mkwe machimboni watasemaje?"

"Watasema umemchoka." Akacheka bila kutaka. "Nitashika wapi?"

Hapo uso ukamshuka tena, safari hii kwa haya. "Ukishika chuma cha nyuma utakaa wima kwenye kona, utatuangusha. Inabidi unishike kiunoni. Na nikiinama, uiname na mimi."

"Nitafumba macho," nikamwambia, "heshima ibaki."

Tulikwenda Jumapili asubuhi, siku ambayo malori hayapiti; fundi nilikuwa nimempa habari usiku. Binti yangu alinifunga helmeti mara tatu, kila mara akiikaza upya. Tulipofika chini ya mlima mkwe wangu akasimama. Juu kwenye kona palikuwa na watu wawili. Mmoja alikuwa na koleo, mwingine na fagio. Walikuwa fundi na Redio, wanafagia kokoto. Kwa jasho walilokuwa nalo, walikuwa wameanza mapema sana.

"Risasi!" Redio akapaza sauti. "Leo umemleta bibi wa injini ajionee mwenyewe?"

Nilikuwa nimemshika mkwe wangu kiunoni. Nilihisi mbavu zake zikipanda na kushuka. Kisha akatia gia.

Mara ya kwanza hakuweza. Tulipofika kwenye kona alipunguza mpaka tukakaribia kusimama, akaweka mguu chini, akaipitisha kama anavusha mzee. Yule Redio, asiyenyamaza, alitugeuzia mgongo akafagia mahali palipokwisha kufagiwa. Sijasahau.

Tukageuka juu, tukashuka. Mara ya pili akapiga gia ya tatu mapema. Injini iliguna, ikavuta, nikasukumwa nyuma, nikamkumbatia mkwe wangu bila kukumbuka haya yoyote.

"Sasa, Mama," alisema.

Akainama kulia, nami nikainama. Macho nilikuwa nimeyafumbua. Niliona lami inapita karibu na goti langu, imefagiwa safi, mistari ya fagio bado inaonekana. Kisha barabara ikanyooka, nasi tukawa wima.

Hakusimama kushangilia. Aligeuza, tukashuka, tukapanda tena. Tulipanda mara saba. Mara ya saba fundi alikuwa amechuchumaa pembeni anaangalia bomba la moshi, akainua dole gumba.

"Imeota jino!" Redio akapiga kelele mpaka akakohoa.

Wiki nzima iliyofuata mkwe wangu alipanda mlima asubuhi na mchana. Siku ya kwanza alirudi nyumbani kabla sijabandika maji ya chai, nikabaki na birika mkononi. Dada wa maabara alipokea boksi saa saba na nusu akaenda kukaa chini kula. Alhamisi fundi alifungua plagi. Ilikuwa kavu, rangi ya udongo.

Mimi nilibaki naumwa nyonga. Niliporudi uani jioni ile nikitembea kwa kujishikiza ukutani, nilikuta kibao cha maandishi mekundu kimefungwa nyuma ya kigoda changu kwa waya. INJINI MPYA, INAZOESHWA. Mkwe wangu alikuwa anaangalia kwingine, shavu linamtetemeka kwa kicheko.

Nikakaa, nikavuta beseni. Upande wa kulia wa tairi, vinywele vya karibu na katikati vilikuwa vimekwisha. Vilibaki vya ukingoni kabisa, safu moja. Hivyo nilivipitishia kitambaa polepole, nisije nikaving'oa mimi.