Kopo la Ijumaa

Mimi hasira zangu ziko karibu, na kichochoro chetu kizima kinalijua hilo. Basi Ijumaa ile mwanangu Mahira aliporudi kutoka kazini, akaweka sarafu chache juu ya meza na kusema, "Mama, mimi si mfanyakazi," nilijua leo nitagombana na mtu.

"Si mfanyakazi vipi, na wiki nzima unakwenda?"

"Wafanyakazi hulipwa Jumamosi, ndani. Mimi nimepewa leo, mlangoni, kwenye kopo. Nilikuwa nyuma ya bibi mwenye mkongojo."

Lahaula! Kopo hilo nalijua. Kila Ijumaa maskini hupita Mji wa Kale duka kwa duka, na Bwana Fahmi, muuza viungo, huwatolea sadaka kutoka kopo la maziwa analoliweka mlangoni. Mwanangu, mtu mzima wa miaka ishirini na miwili, kapangwa foleni na waombaji!

"Na siku zote hizo ulikuwa ukifanya nini?"

"Nilikaa kwenye stuli. Nikigusa mizani naambiwa pumzika. Nimepumzika siku tano. Sikuwa nimechoka."

Mahira ana usonji. Hakutazami usoni, kelele humuumiza, na ukimuuliza jambo atakujibu kweli tupu, upende usipende. Lakini mpe bizari na mizani, atakufungia mafungu mia yaliyo sawa. Jikoni kwangu kila mkebe una mahali pake, na ole wako ukiuhamisha. Ati apumzike! Nani kamwambia Fahmi kuwa mwanangu hawezi kazi?

Nikajitupia buibui, nikazikusanya zile sarafu, nikamwambia Mahira, "Twende."

Tulimkuta Fahmi amesimama kwenye mizani, na Mbodze, mfanyakazi wake wa miaka mingi, anafunga iliki. Hata salamu sikutoa, Mungu anisamehe.

"Fahmi! Mwanangu umemfanya ombaomba?"

"Taratibu, Bi Mwanakuu, kuna wateja."

"Na wasikie! Nimekuletea mfanyakazi, wewe unampa sadaka! Huoni haya?"

Fahmi akafuta mikono. Naye alikuwa amekasirika, ila yeye hukasirika kwa sauti ya chini.

"Dada yangu, nimefanya ulivyotaka. Mwezi uliopita ulisimama papo hapo ukaniambia, 'Fahmi, nifanyie thawabu. Binti yangu mgonjwa, hajiwezi, muweke pembeni tu asishinde nyumbani.' Thawabu nimefanya. Kosa langu liko wapi?"

Kikulacho ki nguoni mwako. Nilisema, tena neno kwa neno, na Mahira alikuwa kasimama ubavuni mwangu. Miaka yote nimewaambia hivyo majirani, jamaa, hata walimu wake, ili wamwonee huruma wasije wakamcheka. Hasira niliyokuja nayo ikanigeukia mimi mwenyewe, na wala haikupungua.

"Mahira, ulinisikia siku ile?"

"Nilisikia."

"Mbona hukusema kitu?"

"Ulikuwa unazungumza wewe."

Mbodze aliinamia iliki zake. Mimi nikazirudisha zile sarafu kwenye kopo, moja moja.

"Fahmi, maneno yale nayafuta. Nilikosa. Mwanangu si mgonjwa, na thawabu sikuombi tena. Mpe kazi wiki moja kama unavyompa Mbodze. Akiharibu, mwambie. Akizidi kuharibu, mfukuze."

"Na nikimkaripia, uje tena kunipigia kelele?"

"Siji."

"Bwana Fahmi asinipigie kelele mimi," Mahira akasema, macho yake kwenye mizani. "Aseme polepole. Nitafanya tena."

Fahmi akamgeukia. Mbele yangu, ndiyo mara ya kwanza kuzungumza naye yeye, si mimi. "Kesho saa mbili asubuhi. Mimi sipendi mtu anayechelewa."

"Mimi sichelewi," akasema Mahira.

Jumatano nikapita kichochoro cha duka la Fahmi, najidai naenda kununua ndimu. Nikamsikia Fahmi ndani.

"Mahira, pilipili manga hii umeifunga bila kuichekecha. Ina mchanga. Fungua pakiti zote, uanze upya."

Zote! Nikachungulia. Si chini ya pakiti arobaini zilizopangwa mbele yake, mistari imenyooka. Damu ikanichemka, mguu mmoja tayari uko kizingitini. Mbodze akaniona, akanitikisia kichwa.

"Sawa," akasema Mahira, akachukua pakiti ya kwanza na kuifungua.

Nikabaki pale na mguu wangu. Miaka ishirini na miwili, na hakuna mtu aliyepata kumwambia mwanangu arudie kazi. Wote humwambia apumzike, na wa kwanza wao ni mimi. Nikaurudisha mguu nje, nikaenda kununua ndimu nisizozihitaji, njia nzima nalia.