Upepo Wenye Adabu

Jirani yangu anadai upepo wa jana ndio uliopeleka nyanya zangu jikoni kwake. Upepo una adabu huo! Ulichuma zilizoiva tu, ukaacha mbichi, kisha ukafunga geti. Ulibeba hata ile nyanya kubwa niliyoiacha iive kabisa nitoe mbegu. Ni mbegu ya marehemu bibi. Shina lake lilizaa hiyo moja tu, likakauka.

Nilimkuta anakatakata.

“Karibu, mwanangu! Upepo umetuletea mboga.”

“Shikamoo, mama. Basi na kesho upepo utuletee vitunguu vyako.”

“Wewe nawe!” Akacheka, akavuta ile kubwa.

“Mama, hizo zote kula, halali yako. Hiyo moja tu, naomba unirudishie.”

Akanitazama, kisu kikiwa juu ya nyanya.